Mbege ya Usiku, Mtaa wa 53

"Huyu ana mimba," Mama alisema.

Alikuwa ameinama mbele ya mbuzi wa shaba, kwenye bustani ya sanamu ya jumba moja la sanaa New York, mikono nyuma, vile vile anavyoinama bandani kwake jioni kuangalia nani kabakiza majani. Watalii wawili waliokuwa wanapiga picha wakampisha. "Na siku zake si nyingi. Tumbo limeshashuka."

Mbuzi ni wa Picasso. Alimuunda mwaka 1950 kwa vitu vya kuokoteza: tumbo ni kapu la kusukwa, chuchu ni vyungu vya udongo, mgongoni kuna kuti, halafu kazi nzima ikasubiwa kwa shaba. Mama hana habari na Picasso. Alichotaka ni kupapasa kiwele. Nilimwona mlinzi ameanza kusogea, nikamshika Mama mkono, nikamwambia hapa haturuhusiwi kugusa.

"Sasa mtu atajuaje kama yuko tayari?"

Swali hilo nililicheka, likaisha. Lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa ni jingine. Aliliuliza baadaye, bustani ile ile, akiwa amevua viatu chini ya kiti na simu yangu iko mikononi mwake.

## Mtu wa Machame

Mkiwa ughaibuni mnaijua kazi ya kumtembeza mzazi aliyekuja kusalimia. Maduka ameshayazunguka mpaka amechoka kuuliza bei. Sanamu ya Uhuru ameiona toka kwenye kivuko, akasema ni ndefu. Sisi tunakaa New Jersey, mto mmoja tu unatutenga na Manhattan, na bado nilikuwa naishiwa mahali pa kumpeleka. Nikaona safari hii nimpeleke kwa mtu wa kwao.

Mchoraji Sam Ntiro alizaliwa Machame, Uchagani, miteremkoni mwa Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza ambaye hakutaka vijana wa Kiafrika wafundishwe kunakili Ulaya. Alikuwa akiwasimulia jambo, kisha anawaacha wachore walivyoliona vichwani mwao. Ntiro akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, akarudi Makerere kufundisha, na uhuru ulipokuja akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika Uingereza. Katikati ya hayo yote, mwaka 1956, alichora kwa rangi za mafuta picha ambayo jina lake kwa Kiswahili changu ni Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku. Mwaka 1960 Museum of Modern Art ya New York, ambayo hapa kila mtu anaiita MoMA, ikainunua.

Kwa hiyo mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi ya Uchagani, ilifika Manhattan kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake.

Nilipomweleza Mama alikunja uso. "Ntiro yule balozi?"

Ndiye.

"Na akachora mbege?" Akacheka peke yake. "Walimlipa?"

Walimlipa, nikasema. Hawakuiba, waliinunua.

Mbege kwa Mama si habari ya kusimuliwa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mapipa yake: ndizi alizochemsha usiku, ulezi aliouotesha kwenye gunia nyuma ya jiko, magome ya msesewa aliyoyajua kwa kuonja. Kanisani walikuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni, na ada ikilipwa. Ndiyo maana nilitaka picha ile aione yeye, hata kuliko mimi.

Haikuwa ukutani. Hilo nalo nilijua kabla hatujatoka nyumbani, maana tovuti ya jumba inakuambia wazi kipi kimetundikwa na kipi kimehifadhiwa. Wala si ajabu: wana kazi kama 200,000, kuta hazitoshi, wanabadilisha kila msimu. Nilimwambia Mama mapema ili asije akaona nimemdanganya. Akasema twende hivyo hivyo, ila nianze na bustani, kwa sababu bustani ni bure.

## Geti la tajiri

Conservatory Garden ipo Fifth Avenue na Mtaa wa 105, kona ya Central Park ambayo wageni wengi hawafiki kwa sababu miguu huwa imeshawaishia huko chini. Unaingia kwa geti la chuma lililotengenezwa Paris mwaka 1894 kwa ajili ya kasri la Cornelius Vanderbilt wa pili, mtu wa pesa za reli. Kasri lilivunjwa zamani, geti likaletwa huku. Mama aligonga chuma kwa kidole, akasikiliza, akaridhika.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Ndani kuna bustani tatu zilizounganishwa. Ya katikati ni ya Kiitaliano: nyasi zilizokatwa kama zulia na bomba moja la maji linaruka. Kushoto na kulia kwake kuna safu za mitufaa midogo, ile inayopandwa kwa ajili ya maua, na petali zilikuwa zimeanza kutuangukia vichwani.

"Matunda yake yanaliwa?"

"Na ndege."

Hakujibu. Tulipoingia upande wa Kifaransa, penye duara za tulipu na chemchemi yenye wasichana watatu wa shaba wanaocheza, akamkuta mtunza bustani, binti mwenye glavu, amepiga magoti kwenye udongo. Mama akamwambia "Pole na kazi" kwa Kiswahili, na yule binti akaitikia kwa tabasamu kana kwamba ameelewa. Nikawa mkalimani. Tulipu hizi zikimaliza maua zinatolewa, tukaambiwa, na Oktoba au Novemba zinapandwa nyingine mpya.

"Kila mwaka?"

Kila mwaka.

"Wanang'oa kitu kizima, kina afya?" Akanitazama mimi, si binti. "Anapata mshahara lakini?"

"Anapata, Mama."

"Basi ni kilimo."

Lazima niseme kitu hapa kuhusu kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga, kwa wale ambao hawajawahi kutembea Uchagani baada ya mvua. Kahawa iko chini ya migomba, migomba iko chini ya miti mikubwa, magimbi yanafuata unyevu, mbuzi na ng'ombe wako zizini wanaletewa majani, samadi inarudi kwenye migomba. Mgeni akisimama pale anadhani yuko msituni. Mwenyewe anakuonyesha mgomba huu aliupanda nani na kwa nini haukatwi. Na wazee wako pale pale, wamezikwa, mimea ya masale imewazunguka.

Kwa macho hayo ndivyo Mama alivyoyakagua maua ya New York.

Upande wa tatu, unaoitwa wa Kiingereza, ndipo alipopunguza mwendo. Pale mimea imechanganywa, mirefu nyuma, mifupi mbele, na njia zinazunguka hazikupi kuona mwisho. Nilimweleza kwamba mahali hapa zamani palikuwa na mabanda ya vioo ya kukuzia maua, yakavunjwa mwaka 1934, bustani ikafunguliwa mwaka 1937, kisha jiji likaishiwa hela na kufika miaka ya 1970 watu waliogopa kukatiza. Aliyeifufua kuanzia miaka ya 1980 anaitwa Lynden Miller, na kabla ya kushika udongo alikuwa mchoraji.

"Ndiyo maana hajapanda kwa mstari," Mama alisema. Kwake hiyo ilikuwa sifa. Bwana shamba mmoja wa miaka ya nyuma aliwahi kumshauri apande kwa mstari, na hajamsamehe hadi leo.

Tukakaa. Kulikuwa na mama mwingine karibu yetu na mtoto kwenye kigari. Mama akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo.

"Hapa amezikwa nani?"

Nikamwambia hakuna mtu, Mama, hii ni bustani ya jiji.

"Sasa mwenyewe ni nani?"

## Ng'ambo ya bustani

Tulipanda basi linaloshuka Fifth Avenue. Central Park ilikuwa kulia kwetu, ukuta wa mawe na miti juu yake, na tulipofika mitaa ya themanini na kitu nikamwonyesha kidole ng'ambo, upande wa magharibi ambao hatukuweza kuuona.

Pale, kati ya Mtaa wa 82 na wa 89, palikuwa na kijiji. Kilianza mwaka 1825, watu weusi walio huru waliponunua viwanja. Kiliitwa Seneca Village. Kufika mwaka 1855 kilikuwa na watu kama 225, theluthi mbili yao weusi, wengine wengi wao Waairishi, na kilikuwa na makanisa matatu, shule na makaburi. Kiwanja kilikuwa zaidi ya kiwanja, kwa sababu sheria ya New York ilimtaka mwanaume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura. Mzungu hakudaiwa hivyo. Mwaka 1857 wote walikuwa wameshaondolewa ili jiji lipate bustani. Ukijumlisha na waliokuwa sehemu nyingine za eneo hilo, walihamishwa kama watu 1,600.

Mwaka 2011 wanaakiolojia walichimba pale wakakuta msingi wa nyumba, birika la chuma, chombo cha kuokea, na kiatu cha mtoto.

"Kwa hiyo kuna waliozikwa," Mama alisema.

"Wapo."

"Walilipwa?"

"Wenye viwanja walilipwa. Wengi walilalamika kwamba ni kidogo."

"Walilipwa," akarudia polepole. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu na mimi lilikuwa limenipitia: ndilo swali lile lile aliloniuliza kuhusu Ntiro, na jibu lile lile, na bado mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Mmoja alitaka kuuza. Wengine waliambiwa wauze. Hela zikishatoka mkono mmoja kwenda mwingine, kwenye daftari yanaandikwa kwa wino wa rangi moja.

Sikumwambia hayo. Basi lilikuwa limejaa, na yeye alikuwa ameanza kuhesabu mbwa.

## Alifuata zamu?

Kiingilio MoMA ni dola 30 kwa mtu mzima na 22 kwa aliyefikisha miaka 65. Mama alizigeuza shilingi palepale kwenye foleni. Tukaanzia bustani ya sanamu, ndipo akakutana na mbuzi, halafu tukapanda ghorofa ya tano na akawa bado hajanisemesha kuhusu bei.

Sitawachosha na vyumba vyote. Vingine Mama alivipita kama anavyopita matangazo ya kanisani ya usharika mwingine. Alisimama kwenye chumba cha Monet, mchoraji wa Kifaransa, kwa sababu kina mahali pa kukaa na kwa sababu maua ya yungiyungi yamechukua ukuta mzima: vipande vitatu vikiunganishwa, karibu mita 13.

"Ni bwawa?"

Bwawa lake mwenyewe, nikamwambia. Monet alikuwa na nyumba Giverny, kijijini Ufaransa. Mwaka 1893 akanunua kipande cha ardhi ng'ambo ya reli, akaomba kibali cha kuchepusha maji ya kijito yaingie kwake atengeneze bwawa la maua. Majirani wakagoma. Walisema mimea yake ya kigeni itatia sumu maji wanayokunywa ng'ombe wao.

Usingizi ukamtoka. Mtu aliyekulia kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia wa Uchagani, hawezi kulala ikisimuliwa habari ya maji ya jirani. Mfongo una zamu, una siku ya kuzibua, una faini ya asiyekuja kuzibua, na una ugomvi ambao wajukuu wanaurithi.

"Alifuata zamu?"

"Alipewa kibali."

"Na serikali?"

"Na serikali."

"Kibali cha serikali si zamu," Mama alisema, akageuka kuyatazama maua upya, sasa kwa mashaka. Baada ya muda: "Lakini maji ameyapatia. Angalia pale panavyotulia."

Hapo ndipo nilipokumbuka habari ya moto, na ikaniharibia hoja niliyokuwa nimeiandaa tangu nyumbani.

Hoja yangu ilikuwa hii. Mtu akiniuliza kwa nini picha ya Ntiro iko huku na si kwetu, ningesema huku ni salama. Kuna ubaridi unaopimwa, kuna walinzi, kuna wataalamu wa kusafisha rangi. Kwetu ningeikuta ofisini kwa mtu, imepigwa jua na kuliwa na mchwa. Ni hoja nzuri. Tatizo ni kwamba tarehe 15 Aprili 1958 jumba hili hili liliwaka moto wakati mafundi wanafunga viyoyozi. Mfanyakazi mmoja alifariki. Picha kubwa ya yungiyungi ya Monet, iliyonunuliwa miaka mitatu tu nyuma, iliungua isitengenezeke. Hii tuliyokuwa tumekaa mbele yake waliinunua mwaka uliofuata kuziba pengo.

Mwaka mmoja baada ya hapo ndipo wakanunua ya Ntiro.

Kwa hiyo mbege yetu iliingia kwenye nyumba ambayo ilikuwa imetoka kuungua. Waliokuwa wanaiendesha walijua kwamba ukuta wao haumhakikishii mtu kitu. Waliendelea kununua. Hiyo, nikiitazama sana, ni imani ninayoiheshimu kuliko habari ya viyoyozi.

## Kwa nini usiku

Tukashuka tena bustani ya sanamu. Mama akavua viatu. Nikamfungulia picha kwenye simu, nikampa.

Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akajifunza kuikuza kwa vidole viwili. Watu wanatembea usiku, wamebeba. Ukisoma maandishi chini utapata mwaka, rangi ya mafuta kwenye turubai, vipimo kwa sentimita. Si picha kubwa. Nikamuuliza kitu ambacho nimekitafuta kwenye kila maandishi yanayomhusu Ntiro yaliyonifikia: kwa nini usiku?

Mama alinijibu kama mtu anayepima ulezi.

Kwanza, alisema, ni jua. Mbege ikipigwa na jua njiani inachemka, ukifika ukweni imeshamwagika nusu na iliyobaki imechacha. Anayebeba mbali anabeba baridi likiwepo.

Halafu akafikiri. La pili ni majirani. Ukibeba mchana kila mtu anahesabu vyombo, na kabla hujafika, ukweni wameshaambiwa ni vingapi na ni pungufu kwa vingapi.

Halafu akaitazama tena, akaanza kutikisika mabega.

"Wanaume ndio wamebeba?"

"Ndivyo jina linavyosema."

"Wanaume! Kichwani!" Alicheka mpaka mzee mmoja wa meza ya jirani akacheka naye bila kujua kisa. "Basi lazima iwe usiku. Nani angekubali aonekane?"

Sijui lipi kati ya hayo matatu ni kweli, na sidhani kama yeye anajua. Ila kila jibu lilinifungulia picha upande mwingine. La kwanza likanifanya nione mwendo wao ni wa haraka. La pili likanifanya nione wanasikiliza. La tatu, basi tena, siwezi kuitazama ile picha kwa uso wa heshima.

Akaendelea. Mbege ya harusi haichujwi kama ya kuuza. Bibi harusi mwenyewe hainywi sana siku hiyo, ananyweshwa. Kama wanaenda usiku, basi kuna mtu mbele anayejua njia kwa mguu, kwa sababu mfongo unakatiza kihamba na daraja ni gogo moja. Yote haya aliyasema kidole kikiwa juu ya kioo, huku mbele yetu watu wa mataifa yote wakimpiga picha mbuzi.

Kisha akanirudishia simu.

"Mbege inataka kunywewa siku yake," alisema. "Hii imelala tangu mwaka sitini. Sasa waliinunua ya nini, kama hainywewi?"

## Majibu niliyojaribu

Nilimpa majibu palepale. Nikasema mwanga unachosha rangi, picha inapumzishwa. Nikasema zamu ndefu si kutupwa. Nikasema mtaalamu akitaka kuiona anaweza kuomba. Aliitikia kwa kichwa kwa kila moja, akavaa viatu, tukaenda kula.

Tangu hapo najibishana mwenyewe.

Kuna siku najisikia hasira, ile ya kawaida: vya kwetu viko kwao na vimefungiwa. Hasira hiyo haidumu nikimkumbuka Ntiro mwenyewe. Hakuporwa. Alikuwa msomi wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa chuo, alijua soko na alijua anamuuzia nani. Alichora Uchagani akiwa mbali na Uchagani, Kampala na London, na nadhani aliichora hivyo ili isafiri. Kumwonea huruma ni kumpunguzia kimo.

Na kuna siku najiuliza upande wetu. Nimesoma Tanzania toka darasa la kwanza hadi chuo kikuu, na hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha picha hata moja ya Ntiro. Yungiyungi za Monet nilizijua kutoka kwenye kalenda ya duka la dawa pale Moshi. Ya Monet ilikuwa ukutani kwetu, ya Ntiro haikuwa popote, na wala hapakuwa na mtu aliyeifungia. Sasa kufungiwa stoo New York na kutojulikana Moshi, kipi kibaya zaidi? Sina uhakika. Stoo angalau ina namba ya kitu na mtu mwenye funguo.

Lakini Mama hakuuliza kuhusu funguo. Ndilo lililochukua muda kuniingia. Aliuliza kuhusu kunywa, na kunywa mbege si kuitazama ukiwa umekunja mikono. Kuna kata inayozunguka, kuna mzee anayesema hii imezidi uchungu, kuna mwenzake anayembishia. Picha ingekuwa ukutani siku ile, tungesimama mbele yake dakika tano, kwa sauti ya chini, na mlinzi pembeni. Je, angecheka vile? Angeweka kidole juu ya gogo la mfongo? Asingeruhusiwa.

Ndiyo maana siwezi kumaliza kwa kusema itundikwe. Itundikwe, ndiyo, ningefurahi, ningemkatia Mama tiketi nyingine ya ndege. Ila zile sababu tatu za usiku zisingekuwa ukutani hata hivyo. Zilikuwa zimekaa kwa mwanamke wa Machame aliyepika mbege miaka ishirini na zaidi, na kama angebaki nyumbani na mbuzi wake, nisingezisikia.

Siku hizi nampigia simu na kuandika anachosema. Anaona nimepungukiwa na kazi.

## Kundi la familia

Wiki iliyopita nikaituma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, na jina lake, na mwaka, na mahali ilipo.

Kaka wa Arusha alijibu wa kwanza: IRUDISHWE NYUMBANI, kwa herufi kubwa na bendera nne. Binamu akauliza kama iliibwa. Nikaeleza. Kaka akasema hata kama ilinunuliwa, irudishwe.

Mama akatuma sauti. "Mkiirudisha mtaiweka wapi?"

Ukumbi wa usharika, mmoja akasema. Mwingine akasema sebuleni kwa kaka, maana ndiye anayepiga kelele. Mama akatuma sauti nyingine kukumbusha kwamba paa la sebule ya kaka linavuja tangu masika ya mwaka juzi na kaka mwenyewe anajua.

Halafu baba mdogo, ambaye kwenye kundi huwa hasemi zaidi ya "Amina", akaandika ujumbe mrefu. Alisema sababu ya usiku si jua wala aibu. Zamani, alisema, ilikuwa ni kuwahi: pombe ilale ukweni, ili asubuhi wazee wakiamka waikute. Shangazi akamjibu kwamba hiyo ni Kibosho, si Machame. Baba mdogo akauliza shangazi amejuaje wakati ameolewa Rombo. Mtu wa tatu akasema wote wawili wamekosea. Iliendelea hivyo mpaka saa sita za usiku kwao, na mimi huku nikiwa kazini simu inatetemeka mezani.

Asubuhi mweka hazina wa kamati akakatiza. Aliomba tuache mambo ya makumbusho kwa sasa kwa sababu harusi ya mdogo wetu imekaribia na michango bado ni hafifu. Akabandika orodha: waliotoa, walioahidi, waliokaa kimya. Chini yake akaandika bajeti ya vinywaji. Kreti za bia, kreti za soda, maji. Mwisho kabisa: mbege, madebe matatu, kwa ajili ya wazee, italetwa na gari la Noah saa nane mchana.

Shangazi akajibu kabla ya wote.

"Mchana kweupe?"